Kamba Yenye Mafundo Manne

Mume wangu alimpima binti yetu kwa kamba ya katani. Alimlaza chali mkekani, akashika ncha ya kamba usawa wa makalio yake, akaivuta ubavuni mpaka kwapani, akapiga fundo. Chini ya fundo hilo akapiga jingine, na jingine, na jingine, kila mara akimwinamia mtoto na kumwambia jambo sikioni, wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa kando napepeta ulezi. Sikuuliza wanachekea nini. Nilidhani ni michezo yao.

Tuliishi Genkuru, katika nyumba ya vyumba viwili karibu na shule ninayofundisha darasa la awali. Mimi nimezaliwa Nyambureti, kule wilaya ya Serengeti. Yeye alikuwa Msukuma aliyekuja kufuata dhahabu, akapata maduara ya kuchimba, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo, akapata na mke. Binti yetu alikuwa anakaribia miaka mitano na hajawahi kukaa mwenyewe hata mara moja.

Alizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, na alipotoka hakulia. Baadaye tuliambiwa ana mtindio wa ubongo. Nimewaeleza wazazi wengi maneno hayo tangu siku ile, na huwa nawaeleza hivi: ubongo uliumia, kwa hiyo amri unazotuma kwenye misuli zinafika zimechelewa, au zinafika zimepotoka. Mkono unaoambiwa ufunguke unakaza ngumi. Mgongo unaoambiwa usimame unalegea. Akili ya mtoto inaweza kuwa nzima kabisa, kama ya binti yetu ilivyokuwa. Maneno alikuwa nayo, ila yalitoka moja moja, na kati ya neno na neno ungeweza kukoroga chai yako ukaimaliza.

Wazo la shimo lilitoka kwa mama yangu. Sisi sote, watoto wake saba, tulikalishwa shimoni. Alipokwenda kulima alichimba kishimo pembeni mwa shamba, akatandika kitenge, akamtumbukiza humo mtoto asiyejua kukaa bado, akaendelea na jembe lake. Siku moja nilipokuwa naongea naye kwa simu, mume wangu akanigusa bega. Kwetu mkwe hazungumzi ovyo na mama mkwe, kwa hiyo alipitia kwangu.

“Mwulize mama, hilo shimo lilikuwa na kina gani?”

Nikauliza. Mama akacheka mpaka akakohoa. “Mwambie huyo mkwe wangu, nani alipima? Nilichimba, mtoto akakaa!”

Lakini yeye alipima. Kazi ambayo mama aliifanya kwa majembe manne, yeye aliifanya asubuhi nzima. Alichagua mahali penye kivuli, upande wa machweo wa nyumba, akachimba kwa sururu kuta zikasimama wima. Akaweka vipande vya mbao pembeni, kama matimba, zile mbao wanazosimamishia kuta za duara zisiporomoke. Chini na pembeni akajaza viroba vya maranda kutoka kwa fundi seremala. Kisha akaja kumchukua binti yake kifuani, akamteremsha humo taratibu, udongo ukamkumbatia mpaka makwapani. Mikono ikabaki nje. Kichwa kikayumba, kikatulia.

Alikaa! Kwa mara ya kwanza aliiona dunia ikiwa imesimama wima. Aliitazama kwa muda mrefu, halafu akatoa neno, akapumzika, akatoa jingine.

“Kuku… ana… magoti… kwa nyuma.”

Majirani walikuja kuangalia. Mmoja wao, mzee mwenye ng'ombe wengi na mdomo mrefu, alisimama akaegemea fimbo yake.

“Mura,” alimwita mume wangu, kama Wakurya wanavyoitana wanaume, “kuchimba kumekuzidi! Sasa mpaka mtoto unamfukia akiwa hai?”

“Simfukii, mzee. Naotesha.”

“Haya. Ukivuna, niite.”

Kuanzia siku hiyo binti yetu alikula akiwa shimoni, na uji haukumpalia tena. Alifukuza kuku kwa sauti. Alitawala ua ule kama mwenyekiti wa kijiji.

Mahindi yalipokuwa bado mabichi shambani nilikwenda kwa mwalimu mkuu wangu kumwomba ampokee darasa la awali, darasa langu mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

“Mwalimu, una watoto zaidi ya mia darasani. Wewe utafundisha, au utamshika? Akiweza kukaa kwenye dawati mwenyewe, kipindi kimoja tu, bila kufungwa kanga na bila kushikwa, mlete siku hiyohiyo. Nitamwandika kwa mkono wangu.”

Kipindi kimoja cha awali ni dakika ishirini. Nilitoka pale nimebeba dakika ishirini kichwani, na nilizibeba kila siku. Binti alipoambiwa, alisema “shule” mara nne siku hiyo.

Ndipo nilipompeleka Tarime mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa makamo mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Alimvua mtoto blauzi, akaweka kiganja tumboni na kingine mgongoni.

“Mwalimu, kila mtu ana mshipi wa ndani,” alisema. “Tumbo ni mbele yake, mgongo ni nyuma, misuli ya pumzi ni juu, misuli ya nyonga ni chini. Mshipi huu ukilegea, mkono haufanyi kazi, shingo haifanyi kazi, hata kumeza ni taabu. Wengi wanakimbilia miguu. Wanataka mtoto atembee. Sisi tunaanza hapa katikati.”

Alinionyesha mazoezi, na nayaandika hapa kwa sababu huenda yuko mzazi anayehitaji pa kuanzia, ingawa ningeomba kila mmoja amwone mtaalamu kwanza, maana watoto hawa hawafanani. La kwanza, mtoto analazwa kifudifudi juu ya blanketi lililoviringishwa chini ya kifua, na kitu anachokipenda kinawekwa mbele yake, ili ainue kichwa na kujisukuma kwa viwiko. La pili ni daraja: analala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini, anainua makalio. La tatu, anakaa juu ya paja lako kama anayepanda punda, unamshika, naye ananyoosha mkono kuchukua kitu upande mmoja, kisha upande wa pili. Hapo ndipo mshipi unapofanya kazi, pale anapotaka kuanguka na mwili ukakataa. Unamshika kwanza mbavuni. Akizoea, unashuka kiunoni. Akizoea, unashuka kwenye nyonga. Unaimba, huhesabu. Ukiona amechoka, unaacha, na kesho unaanza tena kama hakuna kilichoharibika.

Nikamweleza kuhusu shimo.

“Linafika wapi?”

“Makwapani.”

Akatikisa kichwa. “Hapo anayekaa ni shimo. Mtoto amewekwa tu. Mpunguzieni.”

Hilo ndilo neno alilosema, na alikuwa na wagonjwa wengine mlangoni. Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga jinsi ya kulieleza. Mimi nikielewa jambo, au nikidhani nimelielewa, siwezi kukaa nalo, lazima nilifundishe. Nilifika nyumbani nikamkuta mume wangu na wachimbaji wenzake watatu wamekaa kwenye vigoda, wanakunywa togwa, na wamezunguka lile shimo wakilisifu. Mmoja alikuwa anauliza zile mbao za pembeni zimekazwaje.

Nami, mbele yao, mtoto akiwa mgongoni, nikafundisha. Nilieleza mshipi wa ndani. Nilieleza tumbo na mgongo. Nilikuwa na furaha, naapa, nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata ufunguo. Nikamalizia kwa kusema shimo hili linamfanya mtoto awe mvivu wa misuli, kwamba miezi yote hii hakuwa amekaa, ni shimo lililokuwa linakaa.

Wageni waliangalia vikombe vyao. Mmoja akajaribu kucheka. “Mura, leo umefundishwa ubaoni!”

Mume wangu aliweka kikombe chini. Aliinuka, akachukua beleshi lililoegemea ukutani, akaanza kurudisha udongo. Hakutupa kwa hasira. Alirudisha vizuri, akishindilia kwa mguu. Hakutoa viroba wala mbao. Mtoto mgongoni kwangu alianza kulia na kusema kitu. “Fundo,” alisema. “Fundo… la…” Nikamtikisa kidogo nikamwambia anyamaze, baba anatusaidia.

Sikumsubiri amalize. Katika yote nitakayoyasema hapa, hilo ndilo ninaloamka nalo.

Tulianza mazoezi ndani, mkekani. Nilikuwa mwalimu mkali. Daraja asubuhi, blanketi mchana, paja jioni. Lakini nilikuwa nimemtoa kwenye shimo la makwapani nikaruka mbavu na kiuno kwa haraka yangu, nikamweka kwenye mikono inayomshika nyonga, kana kwamba mtu anayejifunza kupanda ngazi anaanzia kidato cha juu. Alianguka mbele, akaanguka nyuma. Uji ulianza kumpalia tena kwa kuwa nilimlisha akiwa ameegemezwa. Alipoona nakunjua mkeka alifunga macho. Baba yake alijaribu kusaidia siku mbili tatu, kisha akawa anatuangalia akiwa mlangoni, kama mtu aliyeingia darasa lisilo lake.

Baada ya wiki chache alisema kuna machimbo mapya yamefunguka mkoa mwingine. Wenzake wawili walikuwa wanakwenda. Wachimbaji huenda, huo ndio utaratibu wao, na hata bila neno langu huenda angekwenda. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Alimbusu mtoto utosini, ile kamba ya katani akaitundika kwenye msumari juu ya mlango, akaondoka.

Alipiga simu kila Jumapili. Niliporudi Tarime, mtaalamu alimkalisha binti, akaniangalia kwa mshangao.

“Amerudi nyuma. Shimo mmelifanyaje?”

“Tulilifukia. Ulisema tumpunguzie.”

Aliweka kalamu chini. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. “Nilisema mpunguzieni, mwalimu. Shimo si baya. Shimo lile lilikuwa kiti kizuri kuliko vyote tulivyonavyo hapa. Unainua sakafu yake kidogo kidogo. Leo linamshika makwapani, baadaye mbavuni, baadaye kiunoni, mwisho kwenye nyonga tu, mpaka siku moja haliko na yeye hana habari. Nani alilichimba?”

“Baba yake.”

“Mlete. Nina akina baba hapa nataka awafundishe.”

Nilimpigia nikiwa bado uani pale kliniki. Nilitaka kumwomba msamaha. Lakini nilianza kwa kueleza, ili aelewe kwanza nimekosea wapi. Nikaeleza sakafu inavyoinuliwa, nikaeleza mbavu na kiuno, nikaeleza kwa nini mwili unahitaji ngazi. Nikafika kwenye nyonga. Salio likaisha.

Baada ya dakika moja ukaja ujumbe: *Sawa mwalimu.*

Alizoea kuniita hivyo kwa utani. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote, na bado sijui ulikuwa utani au la.

Nilikusudia kumpigia Jumapili, nianze na msamaha. Alhamisi, mvua zikiwa zimenyesha mfululizo, kifusi kiliporomoka kwenye duara walilokuwamo. Wenzake wawili walitolewa hai. Tulimzika kwao, Usukumani. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuzungumza naye uso kwa uso zaidi ya salamu, alisafiri na sisi, na njia nzima alimpakata mjukuu wake, akiwa ameuzungushia mkono ule mgongo mlegevu.

Tuliporudi Genkuru sikufanya mazoezi yoyote. Zilipita wiki. Mama alibaki nasi kunisaidia. Asubuhi moja alikuwa anafagia buibui juu ya mlango, akaishusha ile kamba, akauliza kama aitupe. Binti yangu, aliyekuwa amelala mkekani, alipiga kelele.

“Hapana! Fundo… la…”

Nikakaa chini. Safari hii nilikuwa sina pa kwenda wala cha kueleza. Nilisubiri. Neno lilikuja, kisha kimya, kisha lingine. Mama akafikiri amemaliza, akataka kusema, nikamshika mkono. Ilichukua muda ambao mwalimu huita kupoteza kipindi. Na haya ndiyo aliyoniambia, nikiyaunganisha. Fundo la juu ni la kuanza. Fundo la pili, baba atarudisha udongo mpaka hapo tukishavuna mahindi. Fundo la tatu ni la Krismasi. Fundo la nne, la chini kabisa, ni la shule.

Niliichukua kamba nikaiweka ubavuni mwake. Kwapa. Mbavu. Kiuno. Nyonga.

Baba yake alijua. Hakuambiwa na mtaalamu yeyote. Alikuwa mtu wa kusimamisha kuta, na alijua kwamba matimba hayaondolewi yote kwa mara moja. Alikuwa na mpango, akampa mwenye nao, yule ambaye ulimhusu. Mimi hakuniambia kwa sababu sikuuliza, na siku niliyokuja na elimu yangu hakupata nafasi. Mama alinitazama nikilia, akasema kwa upole tu, “Chimba, mwanangu. Udongo ulioshachimbwa ni laini.”

Nilichimba palepale. Ulikuwa laini kweli. Nilikuta viroba vyake, vimelowa, na mbao zake zikiwa bado zimesimama mahali alipoziweka. Nilikausha maranda juani siku mbili. Kuta zangu hazikuwa wima kama zake. Tulimteremsha binti mpaka fundo la juu, naye akashusha pumzi, akawasalimu kuku.

Udongo niliouchimba tuliuacha rundo pembeni yake, na hapo tulipata zoezi ambalo sikufundishwa. Kila Jumapili tulimpa kikombe cha plastiki. Alijipinda, akachota udongo kutoka kwenye rundo, akajirudisha katikati, akaumimina kwenye ndoo upande wa pili. Mara kulia, mara kushoto. Udongo mwingi ulimwagika, na hilo halikuwa na neno. Ndoo ikijaa tunamtoa, tunainua viroba, tunamwaga udongo chini yake, tunamrudisha. Alikuwa analifukia shimo lake mwenyewe, na kila kikombe kilikuwa kinakaza tumbo lake na mgongo wake. Kama una mtoto wa namna hii, mpe kazi ya kweli. Mwili wake unaijua tofauti.

Fundo la pili lilichukua miezi mitatu. Kiunoni aliugua kifua, tukarudi nyuma, tukalitoa tabaka moja, tukaanza tena. Krismasi ilipita na hatujarudi kiunoni bado. Yule mzee mwenye ng'ombe alikuwa akipita anasimama, anapima kwa macho, anaondoka bila neno. Siku tuliyofika fundo la nne aliweka fimbo yake juu ya shimo, lililobaki kina cha kiganja tu, akatazama kando.

“Nilimwambia akivuna aniite,” alisema.

Mwalimu mkuu alikuja darasani kwangu mwenyewe, na saa ya mkononi. Tulimkalisha binti kwenye dawati la mbele, nyayo juu ya tofali. Nilifundisha herufi nikiwa nimempa mgongo, maana nilijua nikimtazama nitamkimbilia. Nilisikia dawati likilia mara moja, mara mbili. Watoto zaidi ya mia hawakuwahi kuwa kimya hivyo. Kisha kipindi kikaisha, mtu akagonga nje rimu ya gari ambayo ndiyo kengele yetu, na wote wakatoka mbio kwenda kucheza.

Nikageuka. Alikuwa ameinama kidogo kushoto, mikono juu ya ubao wa dawati, jasho puani. Amekaa. Mwalimu mkuu alikuwa anaandika jina lake. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, mikono yangu karibu na nyonga zake, bila kugusa. Alikuwa anatafuta neno, nami nikasubiri.

“Baba,” alisema. Kisha, baada ya muda, “hajaona.”

Nilibaki pale magotini mpaka wenzake waliporudi.

Shimo bado lipo, kina cha kiganja. Nilimwuliza kama tulijaze lote, akasema hapana. Kuku wanaoga vumbi humo.